Kilichogonga Chini ya Maji

Hawah binti Wahabu alianza kusikia kwa niaba ya mtu mwingine kabla hajajua kusoma.

Baba yake, Mzee Wahabu, alikuwa mpiga mizinga katika jeshi lililosambaratika mwaka sabini na tisa. Alipotoka ukimbizini Sudan na kurudi Koboko alikuwa na viungo vyake vyote, ila sikio la kulia lilikuwa limekufa, na la kushoto lilisikia tu lile lililosemwa kwa nguvu, mdomo ukiwa karibu kuligusa. Mama, Kadijah, aliuza vitenge mpakani; alitoka asubuhi na kurudi magharibi. Mtoto alibaki uani na baba.

"Nani iko mlangoni?" mzee aliuliza kila alipoona kuku wametawanyika.

"Shangazi Rabia," Hawah alijibu bila hata kugeuka. "Na mutu mwingine, mguu yake moja iko nakokota."

Na kweli Rabia aliingia na mgeni anayechechemea. Majirani waliona ni mchezo. Kwa Hawah haukuwa mchezo. Alikuwa ameng'amua mapema kwamba baba yake anaona aibu kushtukizwa, akajitwika kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu, gari wala mvua itakayomfikia mzee kabla yeye hajatangulia kumwambia.

Alisoma kwa masista kule Ediofe, akaenda chuo cha ualimu, akafundisha miaka sita katika shule ndogo ya binafsi mjini Arua. Korona ikaifunga shule hiyo, na haikufunguliwa tena. Mama yake alifariki mwaka huohuo. Hawah alikwenda kijijini Midia kulima kipande alichoachiwa na mama, mihogo na karanga, na jembe lilikuwa halijamzoea bado pale ujumbe ulipozunguka kwenye simu: kampuni ya ng'ambo inatafuta watu wenye masikio mazuri, kazi ya kompyuta, Arua mjini.

Ofisi ilikuwa ghorofani, madirisha yamezibwa kwa magodoro ili kelele za bodaboda zisipenye. Watu waliofika kupimwa walikuwa zaidi ya mia. Kila mmoja alivishwa hedifoni, akasikilizishwa jozi za sauti na kuulizwa kama ni sauti moja au mbili tofauti. Msimamizi alikuwa Moris, kijana wa Manibe aliyesomea kompyuta Kampala. Alipoona majibu ya Hawah alimwomba arudie mtihani, akidhani mashine imekosea. Akarudia. Majibu yakawa yaleyale.

Siku ya kwanza Moris hakuwaficha kitu.

"Hii iko kazi ya jeshi," aliwaambia wale ishirini na wawili waliochaguliwa. "Jeshi la majini, nchi za mbali. Wanatengeneza sona mpya."

Akawaeleza kwamba sona ni masikio ya manowari. Ziko zinazopiga mlio mkali majini na kungoja mwangwi urudi, na ziko zinazokaa kimya zikisikiliza tu. Hii mpya italazwa chini ya bahari miezi na miezi bila mtu, nayo itaamua yenyewe: hii ni meli ya uvuvi, huyu ni nyangumi, hii ni nyambizi ya adui.

"Lakini mashine haina akili ya kuzaliwa nayo," alisema. "Nyinyi ndio mtaifundisha."

Kufundisha kwenyewe kulikuwa hivi. Faili ya dakika moja ilifunguka, mtu akaisikiliza, kisha akabonyeza alama moja kati ya tano: meli, nyambizi, mnyama, bahari, takataka. Takataka ndiyo iliyokuwa nyingi kuliko zote. Ilikuwa minyororo inayojigongagonga, boya lililolegea, mikwaruzo ya kifaa chenyewe. Yote ambayo mashine ilipaswa kujifunza kuyapuuza. Faili hazikuwa na jina la mahali wala tarehe, namba tu.

Hawah, ambaye maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Nile pale pantoni, aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotegemea. Ndani ya miezi mitatu aliweza kusikia kwamba pangaboi la meli moja lina ubawa uliopinda. Kuna wanyama aliowajua mmoja mmoja, kama mwalimu anavyojua sauti za darasa lake. Alipokwenda nyumbani Koboko siku za mapumziko alimwinamia baba yake kwenye sikio la kushoto na kumsimulia.

"Sasa wewe iko jeshini," Mzee Wahabu alisema, akacheka. Ilikuwa miaka mingi Hawah hajamwona akicheka hivyo.

Aliyekaa meza ya pili ofisini alikuwa Agnes Keji, mwanamke aliyekimbia vita Sudan Kusini na wanawe watatu, mumewe hajulikani alipo. Wawili hao walizoeana. Saa sita walishuka pamoja kula maharage na kwen, ugali mweusi wa mtama na muhogo, na Agnes alikuwa akimtania kwamba atakuja kuolewa na nyangumi.

Mwezi wa tisa, Jumanne asubuhi, faili moja ilimfanya Hawah avue hedifoni na kuitazama, kama vile kosa lilikuwa ndani yake. Akaivaa tena. Chuma kikubwa kilikuwa kinalia, kile kilio cha bati linalokunjwa polepole, na nyuma yake kulikuwa na mapigo ya kitu kinachogonga. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

Faili iliyofuata ilikuwa ya rekodi ileile, namba zilifuatana. Chuma kilikuwa kimetulia. Mapigo yalikuwepo. Sasa yalikuwa ya polepole, na la tatu katika kila matatu lilikuja limechelewa kidogo, dhaifu kuliko mengine.

Akamwita Moris.

Moris alisikiliza amesimama, mkono mmoja mezani. "Mnyororo," alisema.

"Mnyororo nafuata maji," Hawah akajibu. "Hii haifuati maji. Sikiliza ya tatu. Iko nachoka. Mashine haichoki, mnyororo haichoki. Hii iko mutu, Moris. Iko ndani ya kitu na kile kitu imezama."

Moris akavuta kiti, akakaa, akasikiliza tena faili zote mbili mpaka mwisho. Alipovua hedifoni hakubisha. Alikwenda kwenye meza yake akawaandikia wakubwa wa ng'ambo, na jibu likaja baada ya chakula cha mchana, mistari miwili. Alama ziko tano. Kisicho meli, nyambizi, mnyama wala bahari ni takataka. Rekodi ni za zamani.

"Za zamani kiasi gani?" Hawah aliuliza.

"Hawajasema."

"Waulize."

Moris aliuliza. Hakuna aliyemjibu.

Siku iliyofuata mfumo ulimletea Hawah kipande kingine cha rekodi hiyo. Mapigo yalikuwa yamefifia mno, yakija na kupotea, naye akapandisha sauti mpaka mwisho, akafumba macho, akahesabu. Alikuwa amefika la kumi na saba pale mlio wa sona ulipolipuka masikioni mwake, mkali, mwembamba, kama msumari wa moto. Alianguka na kiti chake. Watu walipomwinua alikuwa ameshika sikio la kulia na midomo ya Agnes ilikuwa inasema maneno yasiyo na sauti.

Baada ya nusu saa usikivu ulianza kurudi, kwanza kushoto, halafu kidogo kulia, pamoja na mlio ambao haujamwacha mpaka leo. Moris alimwambia apumzike. Hawah alikataa. Alivaa hedifoni upande wa kushoto tu, akashusha sauti, akaisikiliza faili ile kutoka pale ilipomwangusha. Mlio wa sona ulirudi mara ya pili, hafifu zaidi. Mara ya tatu ulikuwa mbali. Baada ya mlio wa kwanza mapigo yalikuwa yameongezeka kasi, si matatu matatu tena, bali mfululizo, kwa nguvu zote zilizobaki. Mlio wa nne haukusikika.

"Kulikuwa na meli inawatafuta," alimwambia Moris. Sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka mbali. "Ilipita juu yao. Wao walisikia. Wakagonga sana. Meli ikaenda."

Moris aliangalia chini. "Dada, hata kama iko hivyo, imepita. Hatuwezi kusaidia. Bonyeza takataka tuendelee. Kila faili unayoacha wazi, ofisi yote inashuka alama. Wakichoka na sisi wanapeleka kazi nchi nyingine."

"Mimi hapana fikiria hawa peke yake. Hii mashine itakaa baharini, sivyo? Kesho mutu mwingine atagonga. Mashine itafanya nini? Itafanya ile tuliyofundisha."

Moris hakuwa mtu mbaya. Alimwachia wiki mbili, akizifunga faili hizo mwenyewe kila mfumo ulipomletea Hawah, ili asilazimike kuzibonyeza. Kisha wakubwa wakaligundua hilo, wakamwonya.

Jumamosi hiyo Hawah alikwenda Koboko. Alimkuta baba yake kivulini mwa ukuta, akapiga magoti upande wa sikio la kushoto, akamweleza lote. Ilimchukua muda, kwa kuwa ilibidi aseme kwa nguvu, na kusema kwa nguvu kulimwumiza kichwa.

Mzee Wahabu aliegemea ukuta.

"Wakati tunakimbia kwenda Sudan," akasema, "ile mwaka, karibu na Kaya, pale mpakani, kulikuwa na kijana wa kikosi yangu. Mguu imevunjika. Tuliacha yeye kwenye nyasi. Aliita majina yetu, moja moja. Afande akasema hakuna mutu nasikia kitu, twende. Tukaenda." Akamtazama binti yake usoni. "Watu nasema mizinga ilichukua masikio yangu. Iko kweli. Lakini ile siku masikio ilikuwa mzima kabisa."

Hawah hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alitaka kumwuliza jina la kijana, lakini mzee alikuwa ameshageuza uso.

Jumatatu alirudi kazini. Faili ya namba zile ilipokuja, aliandika kwenye nafasi ya maelezo, kwa Kiingereza cha ualimu, kwamba ndani ya rekodi hii kuna mtu au watu walio hai, na kwamba mashine isifundishwe kuwapuuza. Alama hakubonyeza. Akaandika hivyohivyo katika nne zilizofuata. Alhamisi kompyuta yake haikufunguka. Moris alimfuata mlangoni na barua. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema jambo, lakini alilisema upande wa kulia, na Hawah hakumwomba arudie.

Hospitalini Arua daktari alimpima, akamwambia sikio la kulia halitarudi na la kushoto litafuata polepole. Kuna vifaa vya kuvaa, alisema, lakini havizimi mlio. Hawah alimshukuru, akarudi Midia kwenye karanga zake. Jioni za Ijumaa alikwenda Koboko kumpikia baba. Waliongea kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, na mgeni alipofika wote wawili walishtuka.

Agnes Keji alikuja kumtembelea baada ya mwaka na miezi. Hawah alikuwa shambani, mgongo umeelekea njia, hakujua kuna mtu mpaka kivuli kilipomfikia miguuni. Walikumbatiana. Wakakaa kwenye mafungu ya magugu, Agnes upande wa kushoto, kwani alikumbuka.

"Kazi imekwisha," Agnes alisema kwa sauti ya juu. "Wamefunga ofisi mwezi uliopita. Wanasema mashine imeshajua. Wametutumia picha yake, iko nashushwa majini, kubwa kama tangi ya mafuta."

"Na Moris?"

"Amekwenda Kampala. Anatafuta."

Hawah aling'oa gugu, akalitupa. "Zile faili yangu. Nani alipewa?"

Agnes alijua kwamba swali hilo litakuja. Huenda ndilo lililomleta. Alifuta jasho shingoni kwa ncha ya kitambaa.

"Mimi," alisema.

Hawah alisogeza sikio karibu, kama ambaye hakusikia, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Walileta kwangu zote, siku uliondoka. Thelathini na moja. Nilisikiliza ya kwanza peke yake, Hawah, tena sikufika mwisho. Zingine nilibonyeza bila kusikiliza. Watoto walikuwa wanafukuzwa shule. Nilibonyeza takataka, takataka, mpaka zikaisha, halafu nikaenda chooni nikatapika." Machozi hayakumtoka. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kuyalia kwingine. "Nilitaka wewe ujue kutoka kwangu mwenyewe."

Hawah alitazama mikono yake iliyojaa udongo mwekundu. Alitafuta hasira, akaikuta, lakini haikuwa kubwa kama alivyodhani, na haikuwa na mahali pa kwenda. Alifikiria kumwuliza Agnes ile ya kwanza aliyoisikiliza ilikuwa ipi, ya mwanzo ambapo mkono bado ulikuwa na nguvu, au ya mwisho. 

"Umekula?" akasema.

"Bado."

"Twende nyumbani kwanza. Jua iko kali."

Alimpikia mihogo na mchuzi wa karanga.  Alipomaliza kula Agnes aliaga, akashika njia ya kurudi barabarani. Alipofika kwenye kona aligeuka, akaita jambo fulani huku amepunga mkono. Hawah aliona mdomo ukifunguka na kufungwa. Alipunga mkono naye, akaingia ndani kuosha vyombo.