Swaumu Yangu ya Kwanza

Kila nikipangusa kidole kwa pamba yenye spiriti ili nipime sukari, harufu ile hunirudisha kijijini kwetu Chapwa, siku ya swaumu yangu ya kwanza. Mama alikuwa na kisukari. Daku alikula vizuri, ugali wa dona na maharage, lakini alasiri akaanza kutetemeka, jasho likamlowesha kanga. Nikampangusa kidole kwa spiriti, nikampima; kipimo kilionyesha sukari imeshuka mno. Nikamkorogea maji ya sukari, akageuza uso.

"Magharibi imekaribia, mwanangu."

"Mama, daktari alisema ikishuka ufungue!"

"Nifungue mbele yako, na wewe mtoto bado umefunga?"

Midomo yake ilishapauka. Nikanywa funda moja huku nalia, nikamsogezea kikombe. Alinitazama, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa chote.