Mlango wa Kabati Namba Thelathini na Moja

Lindsay Trewartha alicheza beki wa mwisho kwa miaka kumi katika klabu ya Kingsmere, kule Melbourne, na kama wewe si mtu wa Kingsmere huna sababu ya kumjua. Wanaojulikana ni wale wanaoruka mabegani mwa wenzao wakaudaka hewani ule mpira wa Kiaustralia wenye umbo la yai, na Jumapili picha zao zikajaa magazetini. Lindsay alikuwa bega lililorukiwa. Kazi yake ilikuwa kumganda mfungaji wa upande wa pili toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kumkera na kumnyima raha, kisha kurudi nyumbani na barafu gotini. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilivunjika mara nyingi mpaka vikagoma kunyooka. Hakulalamika, na hilo ndilo kosa ninalomlaumu nalo.

Alizaliwa Birrawal, mji wa ngano na kondoo, ambako Jumamosi magari huegeshwa kuuzunguka uwanja na goli likifungwa watu hupiga honi badala ya makofi. Baba yake, mzee Clem, alimfundisha mpira kidogo na kondoo sana. Kondoo wa mnada, kwa mfano, hakimbizwi. Siku mbili kabla, mbwa anafungwa, kondoo wanaachwa karibu na maji wapumzike, na ukiwasogeza unatembea nyuma yao polepole kama mtu aliyekosa kazi. Kondoo aliyehangaishwa hupungua uzito na kupata michubuko, na mnunuzi ana macho. Lindsay aliyajua hayo kabla hajajua kusoma.

Alipofika Kingsmere akiwa na miaka kumi na tisa, alipewa jezi namba thelathini na moja. Aliyemkabidhi alikuwa Ross Pascoe, mwenye namba hiyo, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha mwaka huohuo. Ndiyo desturi yao: jezi haitolewi sandukuni, inatoka mkononi mwa aliyeivaa. Na kila namba ina kabati lake katika chumba cha kubadilishia nguo, na mlangoni mwa kabati yameandikwa kwa rangi ya dhahabu majina ya waliofikisha michezo mia moja na hamsini wakiwa na namba ile. Mlango wa thelathini na moja ulikuwa na majina matatu, la mwisho likiwa R. PASCOE. Ross aliweka kidole chini ya jina lake, penye mbao tupu, akamwambia kijana, "Hapa ni pako. Usiniangushe."

Kijana akayameza maneno hayo kama dawa. Ross akawa msaidizi wa kocha, kisha kocha. Alisimama na Lindsay siku kijana alipooa, akampakata binti wa kwanza wa kijana huyo. Lindsay alichomwa sindano za ganzi ili acheze na mbavu zilizopasuka kwa sababu Ross alimwomba. Nyota wa timu waliomba nyongeza na nyumba; yeye aliitaka ile nafasi ya mbao, upana wa kiganja, basi. Na mwaka wa kumi akafikisha michezo mia moja arobaini na tisa, huku umebaki mchezo mmoja tu wa msimu, wa ugenini.

Jumanne ya wiki ile Ross alimwita chumba cha daktari akafunga mlango.

"Msuli wa paja unaendeleaje?" akauliza.

"Hauna kitu."

"Nataka uwe na kitu." Ross akacheka kidogo. "Sikiliza, mdogo wangu. Tumeshatolewa, mchezo hauna maana, nataka kumwona yule dogo mpya pale nyuma. Wewe mia na hamsini yako unataka kuichezea ugenini, kwenye matope, mbele ya watu wanaokuzomea? Utaichezea hapa nyumbani, mchezo wa kwanza wa msimu mpya. Mzee Clem jukwaani, mama Thelma na bango lake. Nimekuahidi."

"Kweli, kaka?"

"Mimi ndiye niliyekupa jezi hiyo."

Lindsay hakuona tatizo. Aliona anaheshimiwa. Alhamisi majina ya timu yaliposomwa, ikatangazwa kwamba Trewartha ana maumivu ya paja, na yeye akachechemea wiki nzima kama mwigizaji wa bei rahisi. Alichechemea hata mbele ya mama Thelma Okely, mjane aliyeongoza kikundi cha mashabiki wanaogundisha mabango makubwa ya karatasi ambayo timu huyapasua kwa kifua inapoingia uwanjani. Bango la mia na hamsini alikuwa ameshaanza kulikata herufi. Alimletea Lindsay kikopo cha dawa ya kuchua, akamwonyesha jinsi ya kuipaka, akamwambia asijali, karatasi haiozi. Lindsay aliona haya kumdanganya mama yule, lakini akajipa moyo kwamba ni kwa ajili ya Ross.

Mwezi wa kumi, wakati klabu zinapobadilishana wachezaji, alikuwa Birrawal akimsaidia baba yake kwenye banda la kukatia manyoya. Redio ilikuwa juu ya boriti. Mtangazaji wa michezo akasoma kwamba Kingsmere imempata kijana mmoja mrefu kutoka klabu ya Perth, na kwamba atakayekwenda Perth badala yake ni Lindsay Trewartha. Wakata manyoya wakazima mashine zao mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyejua amtazame nani.

Saa moja baadaye Ross akapiga simu.

"Nilitaka uisikie kutoka kwangu kwanza," akasema.

"Nimeisikia kwa mtangazaji."

"Ni mambo ya uongozi, ndugu yangu. Mimi niliambiwa jana tu."

Na Lindsay, Mungu amsamehe, akamwamini. Alimpa hata pole. Akafunga mizigo akaenda Perth, siku mbili kwa gari, maana bila hivyo mpira ulikuwa umekwisha, na alikuwa hajui kazi nyingine zaidi ya ile aliyoikimbia kwa baba yake.

Huko, daktari wa klabu alimpima paja, akaminya, akakunja, akaridhika. Alikuwa mtu mchangamfu mwenye maneno mengi. "Kocha wako wa zamani ni muungwana," alisema huku akiandika. "Tulikubaliana naye tangu mwezi wa saba. Tulimwomba tu akufikishe mzima, akasema mchezo wa mwisho hutacheza. Na kweli hukucheza."

Lindsay alivaa shati lake. Alitoka mpaka kwenye simu ya ukutani, akampigia baba yake, akamweleza yote bila kupumua.

"Mbwa tunamfunga siku ngapi kabla ya mnada?" mzee akauliza.

"Mbili, baba."

"Haya," mzee akasema, akakata simu.

Hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote. Kuuzwa, mchezaji anauzwa, hilo lipo. Lakini yeye, mtoto wa mfugaji, alipumzishwa, akapapaswa, akanyweshwa maji, na akashukuru. Alicheza Perth michezo tisa, goti likaachia, akarudi Birrawal na mke na mabinti wawili. Mama Thelma alimtumia kwa posta herufi za jina lake, zimekunjwa vizuri. Hakuwahi kuzikunjua. Majina ya mlangoni huhesabu michezo ya Kingsmere peke yake, na mia moja arobaini na tisa si mia moja na hamsini.

Ilipita miaka saba kabla Ross hajaja. Aliingia shambani mchana na gari jipya, kichwa kimeota mvi, akamkuta Lindsay na mbwa wake wakiwatoa kondoo kwenye malisho ya nyuma. Alikuja kwa shida yake. Klabu ilikuwa inamwandalia karamu ya heshima, na desturi ni kwamba aliyepokea jezi yako ndiye anayesimama kukusifu.

"Watu watauliza mbona haupo," alisema. "Yale ya zamani yameshapita, au sivyo? Maneno machache tu, kaka."

Lindsay alisema atafikiri, kwanza amalize kazi. Akamfunga mbwa kwenye nguzo, akaanza kutembea nyuma ya kundi polepole. Ross, kwa kutaka kuonekana wa msaada, akavua koti, akapiga makofi, akapiga mluzi, akawakurupusha kondoo wa nyuma wakakimbilia lango.

"Usiwakimbize, Ross," Lindsay alimwambia, sauti ileile ya kila siku. "Hawa wanauzwa kesho kutwa."

Mikono ya Ross ikabaki hewani. Alimtazama mbwa aliyefungwa, akawatazama kondoo wa mbele waliokwisha kutulia karibu na maji. Halafu akaokota koti lake, akarudi kwenye gari bila kuuliza tena habari za karamu.