Pilipili Manga ya Ba'mdogo Kibwana

Ba'mdogo wangu Kibwana alikuwa mtu wa mipango kinoma. Ukimpa mafiga na sufuria, kesho anakwambia ni mgahawa. Ni mdogo wake baba, kazaliwa Kilakala, mjini, kakulia huko huko Kilakala, halafu akapanda milimani kuoa. Akamwoa mama mdogo Mwanahawa, kijiji kimoja juu ya Kinole, akahamia huko huko, maana kwetu Waluguru shamba linatoka upande wa mama, mwanaume anafuata.

Huko ndo akaanzisha kikundi cha pilipili manga. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na vishina vyake nyuma ya nyumba, dalali anapita anawachezea bei mmoja mmoja. Ba'mdogo akasema tupande pamoja, tukaushe pamoja, tuuze kwa mdomo mmoja. Akaenda semina mjini, akarudi na katiba, mhazini, muhuri, grupu la WhatsApp, hadi fulana. Picha ya grupu nilimtengenezea mimi, pilipili imevaa miwani. Akaingiza hata wageni, kama mama Theresia, mjane wa Songea aliyekuja kufuata kazi ya miwa, kazi ikaisha, akabaki hana hata kipande cha ardhi. Huyo mama alikuwa jembe. Siku za mvua wenzake wanasingizia mafua, yeye anatokea kajifunika mfuko mtupu wa saruji kichwani, anacheka.

"Mwenyekiti, pilipili haina mwavuli."

Sasa shamba lenyewe lilikuwa la mama mdogo Mwanahawa, na hapo ndo ba'mdogo alipoteleza. Kule juu, kwenye ardhi isiyo ya ukoo wako unaweza kupanda mahindi, maharage, hakuna neno. Ila ukipanda kitu cha kudumu ni kama umesema hapa pangu. Kwanza umwendee mjomba wa ukoo na ngoto, yaani jogoo, shuka, kitu kidogo tu cha kuonyesha unajua umekaa kwao. Na mjomba mwenyewe, mzee Mansuri, kaka yake Mwanahawa, alikaa pale pale, ukiita anasikia. Ba'mdogo alimuuliza mkewe. Mkewe akacheka, akasema shamba ni lake, mume ni wake, sasa aulizwe nani tena? Basi, ikapita hivyo. Muhuri upo, katiba ipo, twende kazi.

Pilipili manga inachelewa jamani. Inaupanda mti taratibu, miaka inakatika we unapalilia tu. Ule mwaka ndo ilianza kushika vichala vya maana, na mama mdogo alikuwa mjamzito, amekaribia kujifungua. Akaanguka kifafa cha mimba. Wakambeba kwenye machela kushuka, mvua imekula barabara, gari limekwama huko chini. Hawakufika naye. Na mtoto pia hakupona.

Grupu zima lilijaa viganja vya dua. Mimi niliishia kuandika na kufuta.

Baada ya arobaini mzee Mansuri akamwita. Ba'mdogo akaenda na ile ngoto aliyotakiwa kuipeleka zamani, jogoo na shuka jipya, akaamkia, akakaa chini. Mzee hakumgusa jogoo. Macho yake yalikuwa bado mekundu, na yeye alikuwa amezika dada.

"Ungeileta yeye akiwa hai, ningepokea, tungechinja tukala," akasema. "Leo nikipokea, nimemuuza mtoto wa dada yangu. Pilipili ni yako, shemeji. Ardhi si yako. Chukua pilipili yako."

Ba'mdogo akaomba kikundi kivune hata msimu mmoja. Mzee akakataa. Alisema wakivuna mwaka huu watavuna na mwakani, Furaha akija kukua atakuta shamba la mama yake lina wenyewe. Na Furaha ndo binti wa ba'mdogo mwenyewe! Kwa hiyo utamchukia mzee kwa lipi?

Wanachama wakaja na mapanga kukata vipandikizi, angalau wakajaribu kupanda kwingine. Kilikuwa kiangazi, jua la kuchoma, kila mtu alijua vingi vitakauka. Ba'mdogo ndo alishika ngazi. Kila mwanachama alikuwa na mstari wake, wa huyu ukiisha anahamisha kwa yule. Mstari wake mwenyewe hakuugusa. Furaha alikuwa pembeni, kashikwa mkono na mjomba wake.

"Baba, ya kwako hukati?"

"Sikati."

"Inabaki na nani?"

"Inabaki na wewe, mama."

Hakuwa na maana mbaya. Mtoto kafiwa na mama yake, angemwachia nini kingine? Ila mama Theresia alikuwa juu ya ngazi. Akashuka polepole, panga mkononi.

"Kumbe sisi tulikuwa tunampalilia mwanao."

Ba'mdogo akajaribu kueleza, hakuna aliyesikiliza. Mmoja akasema kweli mwenyekiti kasoma, kapata vibarua wa bure na fulana juu. Jioni nikaona kwenye simu, huyu amejiondoa, yule amejiondoa, mpaka tukabaki mimi na yeye na ile pilipili yenye miwani.

Saa hizi anakaa chumba cha uani kwa bibi, Kilakala. Anauza viungo soko la Mawenzi, na ile pilipili ya mstari wake mzee Mansuri anamuuzia kama mteja mwingine yeyote. Furaha anakuja likizo tu.

Mwezi uliopita nilikuwa naye pale, mama Theresia akapita. Vipandikizi vyake vilikauka vyote, amerudi mjini, anafua nguo za watu. Akasimama, akachukua punje moja, akainusa, akauliza ni ya wapi.

"Ya kule kwetu," ba'mdogo akamjibu.

"Kwenu wapi, mwenyekiti?"

Ba'mdogo akachukua kikombe cha kupimia, akaanza kumjazia, anajaza tu mpaka zinamwagika mezani. Mama Theresia akairudisha ile punje kwenye rundo, akaenda zake.