Filamu ya Krismasi Niliyoitafsiri Idi Pili

Nilichukua habari ya posa ya dada yangu nikaitia kinywani mwa mzungu. Naanza na hilo, maana hata nikilificha mama atalisema.

Ilikuwa Idi pili, nyumbani kwetu Naliendele. Mgeni wetu alikuja na bodaboda kutoka Mpapura: mama wa yule kijana aliyeahidi kuleta barua ya posa korosho zikishauzwa. Korosho zikauzwa. Mvua zikaja, zikaondoka, barua hakuna. Dada alikonda kwa kungoja, ingawa pilau hakuiacha. Na kuuliza hatukuweza. Upande wa mke ukianza kudai barua, ni sawa na kumtembeza binti kwa toroli mtaa kwa mtaa.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: kumchangamsha mgeni akae, huenda akalitaja mwenyewe. Nikaleta flashi ya rafiki yangu yenye filamu ya mapenzi ya Krismasi. Ndiyo, Krismasi, Idi pili, wala sikuona tatizo. Kwenye tangazo lake nyota walibanana kama picha ya darasa letu, meno yote nje. Wiki nzima nilikuwa naisifia.

Jamani! Kila nyota anaingia, anacheka, anaondoka, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kijana na binti wamegombania keki hotelini, na hata mbuzi wetu alishajua wataoana.

"Hiyo sufi inayowamwagikia, mito imepasuka?" mgeni akauliza.

"Theluji hiyo, mama. Barafu."

"Basi si waingie ndani?" Akapiga miayo.

Mama akanikata jicho. Mgeni akisinzia, akiamka ataaga. Na filamu yenyewe haikuwa na DJ, yule anayetutafsiria kwenye vibanda vya video. Nikazima sauti, nikawa DJ mwenyewe.

Kiingereza changu cha kidato cha tatu hata mwalimu anakisahihisha kwa huruma, lakini nani alikuwa akisikiliza Kiingereza? Kijana akamwambia binti ana macho kama embe bolibo. Mgeni akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Ndipo sifa zikanipanda kichwani. Akatokea mama wa yule kijana wa kwenye filamu, bibi mwenye nywele nyeupe, nyota mkubwa kuliko wote, nikamsemea:

"Mwanangu, korosho tumeuza, bati tumeezeka. Sasa barua ya watu tunaikalia ya nini?"

Dada akainuka na sinia tupu, akakimbilia jikoni. Mama akaangalia zulia kana kwamba linamdai jibu.

Mgeni akanigeukia taratibu. "Huyu mzungu naye ana mikorosho?"

"Michache, mama. Nyuma ya hoteli."

"Aaa." Akanyoosha miguu. "Basi mwambie binti wa kwenye filamu asilie. Barua imeandikwa zamani, iko sandukuni. Ila kijana ana mjomba, na mjomba yuko ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, amekwenda kumzika shemeji yake akabaki na matanga. Barua inatoka nyumbani bila mjomba? Ya mbwa hiyo?"

"Haitoki, mama," nikasema.

"Ijumaa anavuka. Jumapili watakuja wazee. Umetafsiri?"

"Nimetafsiri."

"Haya, washa sauti tumalizie hicho kichekesho chenu kisichochekesha."

Tukakimaliza. Wakaoana, sufi ikamwagika tena. Huko jikoni masufuria yakaanza kuoshwa kwa kelele za furaha ambazo sijawahi kuzisikia kwenye masufuria.

Tulipokwisha kumsindikiza mgeni hadi kwenye bodaboda, mama akarudi ndani, akafunga mlango, nami nikaanza kuikadiria njia ya dirishani. Akasema:

"Kiingereza huna, adabu huna. Sasa mpigie mjomba wako simu, mwambie Jumapili ana wageni wa barua ya dada yako. Na useme hivyo hivyo, usimtafsirie kitu."