Sungura Mwenye Mlango

Kila Jumatatu, kabla sijawasha basi letu la maktaba, mkutubi hunisomea mimi dereva vitabu vya watoto. Hushikilia kitabu kifuani, picha zikinitazama, huku yeye ameinamisha shingo akisoma maneno yaliyopinduka. Akikaribia ukurasa wa mwisho hukifunga pap, akanywa kahawa yake. Nisipouliza kitu, kitabu hurudi rafuni. Nikisema, “Halafu?” kinaingia kwenye kapu la shuleni, na jibu sipewi. “Ukisinzia wewe,” huniambia, “nao watasinzia.”

Juzi kapuni mlikuwa na kitabu cha sungura aliyebeba mlango mgongoni, akitafuta nyumba ya kuutia. Shuleni, darasa la kwanza walikaa sakafuni na soksi zao za sufu wakitutazama, isipokuwa Tuulikki, ambaye tangu shule ifunguliwe Agosti huketi ametupa mgongo, na mwalimu wake alishachoka kumbembeleza. Mkutubi akasoma, akafika pale pale, pap. Watoto wakapiga kelele: “Haki ya nani, malizia!” Yeye akakiweka kitabu sakafuni nyuma ya Tuulikki, kama mtu aliyesahau, akaenda dirishani kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Aliifuta muda mrefu sana.

Tuliporudi kwenye basi nikapekua kapu, nikitafuta.

“Sungura ameazimwa,” akasema bila kugeuka.

“Na nani?”

Akanionyesha kadi mpya, jina limeandikwa kwa penseli, herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima: TUULIKKI.

“Kwani mwishowe nyumba aliipata?”

“Kamuulize mwenyewe. Au subiri zamu yako, mzee.”