Matela Mpya na Miguu ya Mama Bahati

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize. Wengine wameniambia nilikuwa na malaria. Wengine wakasema ni uchovu wa safari. Malaria naijua, imenilaza mara nyingi, lakini haijawahi kunikunjia hema. Haya niliyaona mimi mwenyewe, na bwana wangu, Papa Masika, alikuwa kwenye usukani pembeni yangu. Muulize ukimpata. Hapendi kuyaongea, ila hatakuambia ni uongo.

Sisi ni watu wa Butembo, tunauza sufuria na mabeseni. Tunazunguka masoko ya Masisi mpaka Walikale, leo hapa, kesho kule. Zamani tulipanda lori za watu na mizigo yetu, tukifika tunasimamisha hema na kulala humo na mali yetu. Wewe uliyezoea kitanda hujui baridi ya Masisi. Ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi. Mvua ikinyesha, maji yanapita chini yako, na ukigusa kitambaa cha hema kwa kidole tu, hapo hapo panaanza kuvuja. Nilikuwa naamka mgongo umekaza, nagombana na Papa Masika hata chai hatujanywa, na yeye maskini hana kosa.

Ni kijiji cha Kingi tu njo tulikolala vizuri. Pale kulikuwa na mama mjane, Muhunde kwa kabila, mlimaji wa maharagi, tukimwita Mama Bahati kwa jina la binti yake wa pekee. Alitupa nafasi kando ya nyumba yake. Siku ya kuamkia soko, kabla hatujafika, alikuwa ameshafagia mahali petu na kutandika maganda makavu ya maharagi, tabaka nene, ili hema likae juu yake na baridi ya udongo isitufikie. Hakuna aliyemwomba. Nikimpa sabuni ao chumvi anapokea, nisipompa hasemi kitu. Jioni tunakaa kwenye moto wake, tunakula sombe ya majani ya muhogo, na mazungumzo yetu yote ni gari.

Maana tulikuwa na ndoto ya gari. Si gari la kubeba mizigo tu, gari la kulala, la kufunga mlango ukasahau mvua. Mama Bahati alilipenda lile gari kuliko sisi wenyewe, na wakati huo halikuwa hata na gurudumu. Swali lake lilikuwa kama litakuwa na dirisha. Binti yake aliolewa Walikale, akazaa huko, na bibi hajawahi kumwona mjukuu. Njia ya miguu ya kupitia Ntoto magoti yake yaliikataa, na moto, yaani pikipiki, aliiogopa. Basi nikamwambia, kwa mdomo wangu huu: "Mama, gari ikifika, wewe njo wa kwanza kuingia. Tutakukalisha kwa dirisha mpaka kwa Bahati." Nilimwahidi tena na tena, kila tulipolala pale. Ukiwa umeshiba, umekaa kwenye moto wa mtu, kuahidi si kazi.

Siku ya kuchagua ikafika. Kwenye garaji moja ya Goma tulionyeshwa magari matatu, yote ya kizee. Moja lilikuwa pikapu ya kufunikwa na turubai. Nikasema hapana, hilo ni hema lenye magurudumu. La pili lilikuwa jipu refu, Papa Masika akalipenda kwa sababu liko juu na haliogopi matope, akaingia chini yake kukagua vyuma. Mimi nikavua viatu nikalala ndani. Mafundi walicheka sana, lakini nisikilize: ukinunua gari la kulala, lala ndani yake kwanza, maana muuzaji atakusifia mashine, na usiku utabaki wewe na magoti yako kidevuni. La tatu lilikuwa minibisi nyeupe iliyotolewa viti vya nyuma. Nilijinyoosha mpaka mwisho. Nilikaa, kichwa hakikugonga. Tukachukua hilo. Fundi akatupigia ubao wa kitanda, mimi nikashona mapazia, na juu ya ubao nikaweka matela mpya, yaani godoro, bado iko na plastiki yake. Nilikuwa naipapasa kila mara kama mtoto mchanga.

Mara ya kwanza tulipofika Kingi na gari letu, mvua ilikuwa imenyesha mchana wote. Mama Bahati alitoka amevaa kikwembe, kitenge chake cha misa, ana kifurushi cha maharagi ya kumpelekea mjukuu. Nani alimwambia ni siku ile? Hakuna. Alijiandaa hivyo kila soko. Alikuwa peku, na matope meusi yamempanda mpaka kwenye vifundo.

Nikaitazama ile miguu. Nikaitazama matela yangu. Nikamwambia Papa Masika kwa Kinande, lugha yetu ya Butembo, ili mama asielewe, "Na miguu hiyo, apande juu ya matela yangu?" Halafu nikamgeukia huku nacheka, nikamweleza kwa Kiswahili kwamba gari bado lina kasoro, mashine inapata moto, avumilie mpaka wiki ijayo. Uongo mtupu. Papa Masika akaangalia pembeni.

Ili nisione haya, nikampa hema. Nikamwambia sisi halitufai tena, aanikie maharagi yake. Alilipokea kwa mikono miwili akanishukuru. Nyuma yake niliona mahali petu pamefagiwa, maganda yametandikwa. Sisi tukaenda kulala karibu na soko, milango yote tumeifunga.

Hiyo wiki ijayo hatukupita Kingi. Unaona, mtu mwenye gari hahitaji tena kiwanja cha mtu. Tulienda masoko mengine, na wiki iliyofuata vilevile. Sitakudanganya kwamba nilimsahau. Nilimkumbuka vizuri sana, nikasema moyoni atangoja.

Sasa fika hapa. Jioni moja tulikuwa tunakaribia Walikale, mwanga bado upo kidogo, mvua kubwa inapiga msitu. Pale njia ya miguu inayotoka upande wa Ntoto inapokutana na barabara, mtu alisimama na furushi kichwani. Papa Masika akapunguza mwendo. Nilikijua kikwembe kabla ya kumwona uso.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifurahi. Niamini, nilifurahi, nikafikiri Mungu amenipa nafasi ya kutengeneza nilichoharibu. Nikashuka mbio kwenye mvua, nikamfungulia mlango wa mbele, akae kwa dirisha. Akatikisa kichwa. Akazunguka, akaingia nyuma, akashusha furushi, na lile furushi lilikuwa hema letu. Akalitandika sakafuni kando ya kitanda, akakaa juu yake, akaikunja miguu yote chini ya kikwembe. Nikamwambia, "Mama, panda juu. Kaa kwa matela."

Akaniangalia bila hasira yoyote. Akanijibu kwa Kinande, yeye ambaye hakujua hata kusalimia kwa Kinande. Alirudisha maneno yangu yaleyale, na sauti yangu ileile: na miguu hiyo, apande juu ya matela yangu? Halafu akarudi kwenye Kiswahili chake. "Hapana, mutoto wangu. Hapa chini iko muzuri. Munifikishe tu kwa Bahati."

Mimi niliyeshuka kidogo tu nilikuwa natiririka maji, na yeye alikuwa mkavu. Kikwembe kikavu. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimechungulia nje, kisafi mpaka kwenye kucha, kimeoshwa. Na unajua kwetu ni nani anayeoshwa miguu na watu wengine.

Papa Masika naye alikuwa ameona kwenye kioo. Hakugeuka, aliendesha tu. Nikapanda mbele, nikakaa pale dirishani. Njia nzima, kila gari lilipoingia shimoni nilisikia hema likisugua sakafu, mtu anajivuta asiguse matela.

Nyumba ya Bahati tuliijua bila kuuliza, mama yake alishatueleza mara nyingi: nyuma ya kanisa, mlango wa bluu. Tulipozima mashine tukasikia vilio. Watu walijaa uani chini ya turubai, na Bahati amekaa chini, mtoto mgongoni. Mwendesha moto alikuwa ameleta habari mchana ule. Mama yake amekufa Kingi na wameshamzika. Siku ya soko alitoka kungoja gari kando ya barabara, na soko lililofuata akatoka tena, mvua ikamnyeshea, kifua kikamshika. Bahati aliniuliza mimi, mgeni asiyenijua, "Alikuwa anangoja gari gani?"

Nilirudi garini nikafungua mlango wa nyuma. Hapakuwa na mtu. Hema lilikuwa sakafuni limekunjwa vizuri, na ndani ya mikunjo mna maganda makavu ya maharagi. Matela yangu haikuwa na doa.

Kesho yake tukajitolea kumpeleka Bahati Kingi. Alikuja na mtoto, mvua bado inanyesha. Akasimama mlangoni mwa gari, akavua viatu vyake vya plastiki, akaitazama matela, akaniuliza kwa adabu, "Mama, miguu niiweke wapi?"

Nililia mbele ya watu wote. Nikamwambia aweke juu ya matela, akafikiri namtania. Alisafiri amekaa ukingoni, miguu ameining'iniza.

Kule Kingi majirani walitueleza kwamba mama alizikwa na hema. Alikuwa ameomba walitandike chini yake kaburini, kwa sababu udongo iko baridi. Papa Masika akawauliza ni hema gani, wakamweleza mpaka kiraka cha kitenge nilichokishona mwenyewe. Kiraka hicho kilikuwa ndani ya gari, nyuma ya migongo yao. Pale kaburini nikamwambia Bahati yote, tangu ahadi mpaka Kinande. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Alikaa chini njia yote?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Na mimi tangu siku hiyo silali kwenye gari. Nilijaribu. Nikilala juu ya ile matela nasikia mtu sakafuni anakunja miguu polepole, mtu anayeogopa kuchafua. Papa Masika anasema hasikii kitu, lakini analala ameugeukia ukuta. Basi mimi nasimamisha lile hema kando ya gari, na sokoni wananicheka, mama mwenye minibisi analala chini. Waache wacheke. Hawajui kwamba kila asubuhi nikikunja hema, hata kule Walikale msituni, chini yangu nakuta maganda makavu ya maharagi, tabaka nene. Bado ananitandikia. Angekuja kunikaba koo ningepata nafuu.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari lako la kwanza la kulala, chagua vizuri, kagua matairi, lala ndani ujipime. Lakini kabla hujafunga mlango, rudi kwa yule aliyekufagilia mahali ulipokuwa na hema, mpandishe siku hiyohiyo, jinsi alivyo, na miguu yake jinsi ilivyo. Matope yanatoka kwa sabuni. Matela yangu mimi iko mpya mpaka leo.