Glenda Ousby na Mshahara wa Kusini

Kwa miaka kumi na tisa Glenda Ousby alikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha samaki mjini Grimsby, kaskazini, na kila aliyeajiriwa pale alipita mezani kwake. Aliandika mikataba, akapanga likizo, akapokea vyeti vya wagonjwa. Majina ya wafanyakazi waliotoka Lithuania aliyaandika na vialama vyake vyote, kwani alisema mtu aliyekwisha kuacha kwao asinyang'anywe na jina lake pia. Mfanyakazi akifiwa, barua ya rambirambi ilikuwa na saini ya mkurugenzi, ila maneno yalikuwa ya Glenda.

Ofisi kuu ya kampuni ilikuwa Reading, kusini, na huko kazi kama yake ilifanywa na Bryony Tapsell. Hawakuwahi kuonana. Kwa miaka sita walipigiana simu kila asubuhi saa tatu, kila mmoja na kikombe chake cha chai, wakigawana kazi na umbea kwa pamoja. Bryony aliicheka lafudhi ya kaskazini. Glenda alimjibu kwamba watu wa kusini huongea kama wana kiazi cha moto mdomoni. Bryony aliposhika mimba, Glenda alikuwa mtu wa tatu kuambiwa.

Mwezi wa Februari, Bryony akijiandaa kuacha kazi, mkuu wa idara huko Reading, Bwana Lattimer, alimwomba Glenda achape tangazo la kumtafuta mrithi wake. Glenda akaanza: mikataba, likizo, vyeti vya wagonjwa, majukumu yaleyale ya kwake. Alipofika kwenye mshahara, vidole vikasimama. Pauni elfu thelathini na mbili kwa mwaka. Wa kwake ulikuwa elfu ishirini na tano.

Alidhani wamekosea namba. Akampigia Bwana Lattimer, naye akamweleza kwa upole kwamba hakuna kosa. Kampuni hufuata soko la kila mkoa, na makarani wa utumishi wa Grimsby hulipwa hivyo. Glenda akashukuru, akamaliza tangazo, akalipitia mara mbili kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akajifungia chooni robo saa nzima.

Jioni alimsimulia mumewe, Neville, aliyekuwa akikaanga viazi.

"Elfu saba?" Neville akauliza. "Kwani wagonjwa wa Reading wanaumwa zaidi?"

Glenda akacheka bila kupenda. Ila kilichomkereketa hakikuwa Lattimer. "Bryony alijua, Nev," alisema. "Hati zote za mishahara zinapita kwake. Alijua, na kila asubuhi tunapiga soga."

Kesho yake saa tatu simu iliita hadi ikanyamaza. Siku ya pili vilevile. Ya tatu akaipokea.

"Umenuna," Bryony alisema.

"Sijanuna. Nina kazi."

"Umenuna, shoga yangu. Umeliona tangazo."

Bryony akafunguka. Alikuwa amejua tangu mwaka wake wa pili. Aliona aibu kusema, na kila mwaka uliopita ulizidi kumfunga mdomo. Akaeleza kwamba yeye na mwenzi wake wanaishi chumba kimoja juu ya duka la miwani, kodi inameza zaidi ya nusu ya anachopata, na sasa wanahama kwa sababu kitanda cha mtoto hakina pa kukaa. Glenda alimsikiliza akifikiria nyumba yake na Neville, iliyokwisha kulipiwa, na kipande chake cha bustani nyuma. Akamwonea huruma ya kweli. Hata hivyo hakuwa amemaliza.

"Pole, mpenzi," alisema. "Lakini nusu ya majalada yako nayafanya mimi."

"Najua. Ndiyo maana nataka niyaandike yote kabla sijaondoka."

Na kweli aliyaandika. Katika karatasi za makabidhiano Bryony aliorodhesha kila kazi ya Reading na jina la anayeifanya hasa, na jina la Glenda lilijitokeza mara arobaini na moja. Glenda akaziambatisha na barua yake ya ukurasa mmoja, akampelekea Bwana Lattimer. Hakulalamika ndani yake. Aliomba tu kazi anayoifanya iitwe kwa jina lake, na ilipwe hivyo.

Bwana Lattimer alipanda treni kuja Grimsby, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Glenda akamvisha kofia ya wavu akampitisha kiwandani, na kila meza waliyoifikia mtu aliinua kichwa kumsalimu Glenda na kumpa habari za mguu au za mjukuu. Waliporudi ofisini Lattimer alikiri kwamba viwango vya mikoa viko juu ya uwezo wake. Alichoweza ni kuihamishia Grimsby nusu ya kazi ya Reading rasmi, kumpa Glenda cheo cha msimamizi, na kumwongezea elfu nne.

"Najua si saba," alisema.

"Naona," Glenda akajibu. "Nitakuuliza tena kila Aprili, mishahara inapopangwa. Nakwambia mapema usije ukashtuka."

Lattimer akacheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Mwezi wa Juni Bryony na familia yake walihamia Lincoln, kwa mama mkwe, mwendo wa saa moja kwa treni. Glenda akaenda kuwaona. Pale stesheni alitafuta mwanamke mrefu, hata yeye hakujua kwa nini, hadi mwanamke mmoja mfupi mwenye mtoto kifuani akamwita jina lake kwa ile sauti ya kila asubuhi. Walikumbatiana, mtoto akibanwa katikati hadi akaanza kulia.

Wakanywa chai mkahawa wa jirani, Glenda akimpakata mtoto na kumnusa utosi. Bryony akasema mwakani angependa kurudi kazini, hukuhuku Lincoln, ila hajui hata pa kuanzia.

"Nitakutajia wanalipa ngapi hapa, na mjini Hull, na kwetu Grimsby," Glenda alimwambia. "Namba zote ninazozijua. Ila malizia keki yako kwanza, maana ukizisikia utaishiwa nguvu."